Mtoto wako anapenda mpira? Mfikirie pia atakapotimiza miaka 40

Ukipita Nassa jioni, kuanzia barabara kuu iendayo Musoma hadi kule kwenye mialo ya ziwa, hukosi kuona watoto wakicheza mpira. Wengine wana mpira wa dukani, wengine wana chandimu ya matambara iliyofungwa kwa kamba. Na pembeni hakosekani mzazi anayetazama huku akijiuliza: huyu mwanangu anapoteza muda au anatafuta maisha?

Swali hilo si la mzaha. Katika familia nyingi za Busega na Simiyu kwa jumla, fedha ya mwaka inategemea pamba, mpunga, dagaa na ng'ombe wachache waliopo zizini. Siku mtu atakapokuja na kusema mtoto wako ana kipaji, anahitaji nauli ya kwenda majaribio, ada ya kituo cha soka au hati ya kusafiria, anayeulizwa auze ng'ombe ni wewe. Na siku mtoto atakaposema anaacha shule ili acheze, atakayejibu ni wewe.

Wazazi wengi hujibu swali hilo kwa kuangalia nyota mmoja tu. Ama wanamtaja Mbwana Samatta na kusema mpira unalipa, ama wanamtaja kijana wa jirani aliyerudi kijijini na goti bovu na kusema mpira ni upuuzi. Yote mawili ni kweli, lakini hayamsaidii mzazi kuamua. Nyota wakubwa ni wachache mno, na aliyeumia mapema hakupata nafasi ya kuonyesha mwisho wake.

Kwa hiyo wiki hii tumwangalie mtu wa katikati. Hakuwa nyota mkubwa wa dunia, hakuwa aliyeshindwa. Ni mchezaji wa kawaida wa Scotland aliyegeuka kocha, na kazi hiyo ikamleta mpaka ng'ambo ya ziwa hili letu. Wapenzi wa soka wa hapa nchini wanamjua, maana timu yake iliwahi kututoa machozi pale Dar es Salaam. Jina lake ni Bobby Williamson.

Mchezaji wa kawaida

Williamson alizaliwa Glasgow mwezi Agosti 1961. Glasgow ni jiji la mpira. Lina Celtic na Rangers, klabu mbili zinazoligawa kama Simba na Yanga wanavyoigawa Tanzania.

Alianza kucheza soka la kulipwa mwaka 1980 katika klabu ndogo ya Clydebank, akiwa mshambuliaji. Alifunga vya kutosha hadi Rangers wakamchukua mwaka 1983. Kwa kijana wa Glasgow hapo ni sawa na mtoto wa Nassa kusajiliwa Msimbazi au Jangwani. Mtaa mzima unajua.

Lakini Rangers hakudumu. Mwaka 1986 alivuka kwenda Uingereza kuchezea West Bromwich Albion, kisha mwaka 1988 akaenda Rotherham United. Msimu wa 1988/89 Rotherham walitwaa ubingwa wa Daraja la Nne. Daraja la nne, mzazi. Kutoka Rangers hadi daraja la nne ndani ya miaka michache.

Mwaka 1990 alirudi Scotland kuichezea Kilmarnock, klabu ya mji wa ukubwa wa kawaida kusini magharibi mwa Glasgow. Mwaka 1993 timu hiyo ilipanda kwenda ligi ya juu. Umri ulikuwa umeshaanza kumtupa mkono, naye akaelekea mwisho wa safari yake ya uwanjani akiwa katikati ya miaka ya thelathini.

Hapo ndipo wachezaji wengi duniani hupotea. Mtu wa miaka 34 au 35, ambaye tangu utotoni hajafanya kazi nyingine, anaamka asubuhi na hakuna mazoezi ya kwenda. Mwalimu wa umri wake bado ana zaidi ya miaka 20 kazini. Mvuvi wa umri wake ndiyo kwanza ananunua mtumbwi wake mwenyewe. Mchezaji, yeye, ameshastaafu.

Kipindi cha pili

Williamson hakusubiri mpaka mlango ufungwe ndipo atafute mwingine. Akiwa bado Kilmarnock alianza kufundisha kikosi cha akiba, yaani wale vijana na wachezaji ambao hawajapata namba. Kazi hiyo haina picha gazetini. Ni kupanga mazoezi ya asubuhi, kumweleza kijana kwa nini hachezi, kumtia moyo aliyetoka majeruhi, na kuandika ripoti kwa kocha mkuu.

Desemba 1996 Kilmarnock walikuwa hoi kwenye ligi. Kocha mkuu, Alex Totten, akatimuliwa. Uongozi ukamgeukia Williamson, aliyekuwa na miaka 35. Alikuwa hajawahi kuwa kocha mkuu mahali popote.

Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Mei 1997, Kilmarnock walicheza fainali ya Kombe la Scotland dhidi ya Falkirk kwenye Uwanja wa Ibrox. Kocha wa Falkirk alikuwa nani? Alex Totten yule yule, ambaye baada ya kufukuzwa alipata kazi mpya na kuifikisha timu yake fainali. Kilmarnock walishinda bao 1-0, mfungaji Paul Wright. Mara ya mwisho klabu hiyo kulitwaa kombe hilo ilikuwa 1929. Watu walizaliwa, wakazeeka na kufa bila kuliona.

Baada ya hapo Kilmarnock wakawa timu ya kushiriki mashindano ya Ulaya kwa misimu kadhaa, na mwaka 2001 walifika fainali ya Kombe la Ligi, wakafungwa na Celtic 3-0.

Mzazi, angalia jambo moja. Kilichompa Williamson kazi ile Desemba 1996 hakikuwa mabao aliyofunga. Wafungaji bora kuliko yeye walikuwa wengi. Alipata kazi kwa sababu siku klabu ilipohitaji mtu, yeye alikuwa tayari yupo anafundisha, na waliomzunguka walishamwona anavyoongea na vijana, anavyofika kwa wakati na anavyopanga mambo. Hizo ni tabia, na tabia mtoto huanza kujifunzia nyumbani.

Timu isiyo na fedha huwatazama vijana

Februari 2002 Williamson alihamia Hibernian ya Edinburgh, klabu kubwa kuliko Kilmarnock lakini iliyokuwa imebanwa kifedha. Wachezaji wa gharama waliondoka, na yeye akalazimika kuwapa nafasi watoto wa klabu. Miongoni mwao alikuwamo Scott Brown, aliyeanza kucheza kikosi cha wakubwa mwaka 2003 akiwa na miaka 17. Brown alikuja kuwa nahodha wa Celtic kwa miaka mingi.

Msimu wa 2003/04 vijana hao waliwatoa Celtic na Rangers katika Kombe la Ligi, kisha wakafungwa fainali na Livingston 2-0. Ukiwaza kuhusu mtoto wako, hilo nalo ni somo. Nafasi ya kijana mara nyingi hutokea pale ambapo hakuna fedha ya kununua mtu mzima. Timu ndogo ya mkoa yenye kocha anayewajali vijana inaweza kumfaa zaidi kuliko benchi la timu kubwa.

Aprili 2004 alikwenda Plymouth Argyle nchini Uingereza, akaikuta timu ikiwa mlangoni kupanda daraja, na ikapanda. Lakini Septemba 2005 akafukuzwa. Mwaka 2007 akapata kazi Chester City, klabu ndogo ya daraja la nne. Machi 2008 akafukuzwa tena.

Hebu jiweke mahali pake. Una miaka 46. Miaka 11 iliyopita ulibeba kombe mbele ya maelfu ya watu. Leo umetimuliwa kwenye timu ya daraja la nne. Wapo wanaume ambao hapo ndipo chupa huanza kuwatawala na nyumba huanza kutikisika. Ukocha ni kazi ambayo kufukuzwa ni sehemu yake, na anayeingia bila kulijua hilo hubaki na uchungu maisha yote.

Ng'ambo ya ziwa

Agosti 2008 Williamson alikubali kazi ya kuifundisha timu ya taifa ya Uganda, Korongo. Kutoka Chester hadi Kampala. Kwa wengi wa huko kwao ilionekana ni kwenda kujificha. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki ilikuwa mwanzo wa sura ambayo bado inatajwa.

Kombe la Chalenji la CECAFA la mwaka 2008, ambalo fainali yake ilichezwa Kampala Januari 2009, Uganda waliifunga Kenya 1-0. La mwaka 2009 lililofanyika Nairobi, Uganda waliifunga Rwanda 2-0 fainali.

La mwaka 2010 lilifanyika Dar es Salaam, na hilo tunalikumbuka kwa furaha. Kilimanjaro Stars waliitoa Uganda kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali, kisha wakaifunga Ivory Coast 1-0 kwa penalti ya nahodha Shadrack Nsajigwa na kutwaa kombe.

Mwaka uliofuata mashindano yalirudi Dar es Salaam, na Uganda wakalipa deni. Walitufunga 3-1 nusu fainali baada ya dakika 120, kisha wakaishinda Rwanda kwa matuta baada ya sare ya 2-2. Mwaka 2012, nyumbani kwao Kampala, waliifunga Kenya 2-1 fainali. Makombe manne ya Chalenji katika mashindano matano. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake ni Emmanuel Okwi na Hamis Kiiza, majina ambayo shabiki yeyote wa Simba na Yanga hahitaji kuelezwa.

Lakini kipimo ambacho Waganda walikitaka zaidi kilikuwa kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Walikuwa hawajacheza fainali hizo tangu 1978. Oktoba 2011 walihitaji ushindi mmoja tu nyumbani dhidi ya Kenya. Uwanja wa Namboole ulijaa. Mpira ukaisha 0-0, Angola wakafuzu.

Mwaka 2012 walikutana na Zambia, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Walifungwa 1-0 ugenini, wakashinda 1-0 Kampala, wakafika kwenye penalti. Zambia wakashinda 9-8. Tuta moja tu liliwatenga na safari waliyoisubiri miaka 34.

Machi 2013 Uganda walifungwa 2-0 na Liberia katika kufuzu Kombe la Dunia, na Aprili Williamson akaondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na Milutin Sredojević, yule Micho tuliyemjua alipokuwa Yanga. Septemba 2016 Uganda wakafuzu hatimaye, wakiwa na kipa Denis Onyango ambaye alikuwa golini pia katika zama za Williamson.

Mjenzi hufyatua tofali, mwingine akaezeka. Mzazi anaielewa hali hiyo vizuri kuliko kocha yeyote, maana kazi nyingi tunazowafanyia watoto wetu matunda yake huvunwa mahali pengine na watu wengine.

Kenya, na umuhimu wa karatasi

Hakukaa bila kazi muda mrefu. Julai 2013 alikwenda Nairobi kuifundisha Gor Mahia, na mwisho wa msimu huo K'Ogalo wakatwaa ubingwa wa Kenya. Ilikuwa mara yao ya kwanza tangu 1995, miaka 18. Agosti 2014 akakabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars.

Huko alikutana na matatizo ambayo hayatatuliwi na mazoezi. Novemba 2015 Kenya waliifunga Cape Verde 1-0 Nairobi katika kufuzu Kombe la Dunia. Kwa mchezo wa marudiano, wachezaji walikwama uwanja wa ndege wa Wilson kwa sababu ya mambo ya malipo ya ndege, wakafika Praia saa chache tu kabla ya mpira kuanza. Walifungwa 2-0 na kutolewa.

Mapema 2016 akaondolewa. Safari hii kulikuwa na mkataba wa maandishi, na Williamson aliupeleka mahakamani akidai amevunjiwa kazi isivyo haki. Mahakama nchini Kenya ilimpa ushindi, fidia ya zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya.

Mzazi, usilipite hilo haraka. Kila unaposikia mchezaji wa zamani hana kitu, uliza kwanza kama aliwahi kuwa na karatasi, na kama alikuwa anajua kuisoma. Kipaji humpeleka mtoto mezani. Kusoma na kuelewa ndiko kunakomfanya aondoke mezani na haki yake.

Tukijumlisha: Williamson alicheza takriban miaka 16, kati ya 1980 na 1996. Alifundisha takriban miaka 20, kati ya 1996 na 2016. Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, na ndicho kilichomfanya hata sisi huku tumjue.

Na mbegu haikuishia kwake. Beki mmoja wa kikosi cha Kilmarnock kilichotwaa kombe mwaka 1997 alikuwa Dylan Kerr. Ndiyo, Kerr yule yule aliyekuja kuifundisha Simba mwaka 2015, akatimuliwa Januari 2016, kisha akaipa Gor Mahia ubingwa mwaka 2017 na 2018. Mwanafunzi alipita njia ya mwalimu, kufukuzwa kukiwamo.

Kwetu pia wapo

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Abdallah Kibadeni, King, ndiye aliyefunga mabao matatu siku Simba walipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977. Vijana wengi wa leo hawakumwona akicheza. Lakini wanajua kwamba alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka sare Abidjan na kufungwa 2-0 na Stella pale Dar es Salaam.

Charles Boniface Mkwasa aliichezea Yanga, akaja kuifundisha, akaifundisha timu ya taifa, na mwaka 2017 akawa katibu mkuu wa klabu hiyo hiyo. Hapo hata filimbi na koni za mazoezi hazikuhitajika. Zilihitajika kalamu, mafaili na uwezo wa kuongoza watu. Juma Mgunda alikuwa Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, na mwaka 2022 tukamwona kwenye benchi la Simba.

Wenye mabinti nao wasikilize. Esther Chabruma aliichezea Twiga Stars, kisha akageukia ukocha. Mwaka 2023 aliiongoza JKT Queens hadi Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake nchini Ivory Coast. Kwa hiyo binti anayecheza na kaka zake pale uwanja wa shule naye ana njia, na njia hiyo haiishi siku anapoacha kucheza.

Sasa mzazi wa Nassa afanye nini?

Kwanza, badilisha swali. Ukimwuliza mtoto achague mpira au shule, umemtega. Atachagua mpira, kwa sababu mpira unampa furaha leo na shule inamwahidi kesho. Mwulize hivi: siku utakapoacha kucheza, utakuwa unajua nini kingine? Swali hilo mtoto wa miaka 13 anaweza kulielewa, na halimfanyi aone kwamba unamchukia.

Pili, mweleze kwamba hata ukocha ni darasa. Shirikisho la Soka Afrika lina ngazi za leseni: D ndiyo ya kuanzia, kisha C, B, A na kuendelea. Kila ngazi ina masomo, kuandika mipango ya mazoezi na mitihani. Aliyeacha shule darasa la tano atapata taabu hata kama aliwahi kufunga mabao 30 kwa msimu. Hali ni hiyo pia kwa uamuzi, tiba ya michezo, utangazaji na uongozi wa klabu. Zote ni kazi za mpira, na zote zinaanza na kusoma.

Tatu, tumia njia zilizopo karibu. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yanampandisha mtoto kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa huku akiwa bado mwanafunzi. Mwanza, ambako magari yanatoka Nassa kila siku, kuna Alliance, mahali ambapo shule na soka vimewekwa pamoja. Kabla ya kulipa kituo chochote, nenda ukakione. Uliza watoto wanalala wapi, wanakula nini, wanasoma darasa gani, na nani anawatibu wakiumia. Kituo kisicho na majibu ya maswali hayo si cha kumpa mtoto wako.

Nne, mtazame mtoto wako vizuri. Wakati mwingine kipaji chake hakiko miguuni. Yupo mtoto asiyefunga mabao, lakini ndiye anayegawa timu, anayewatuliza wanaogombana, anayekumbuka nani alicheza jana na nani hajapata zamu. Wenzake wanamsikiliza. Huyo kocha anakua mbele ya macho yako. Mpe wadogo zake awafundishe, hata kama ni hesabu, hata kama ni kuogelea. Kumfundisha mwenzako bila kumtukana ni ujuzi, na unapatikana kwa kuufanya.

Tano, jihadhari na anayekuja na haraka. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kwa mfano wazazi wanapohama kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu akikwambia ana timu Ulaya inayomtaka mtoto wako wa miaka 15, kinachotakiwa ni fedha ya viza tu, funga zizi lako. Ng'ombe wasitoke. Na mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 haupaswi kuzidi miaka mitatu. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Mpelekee mwalimu, ofisa utamaduni na michezo wa wilaya au mwanasheria akusomee. Atakayekukataza kuwaonyesha hao, ameshakujibu.

Sita, mwandae kwa kuachwa. Williamson alifukuzwa mara nne: Plymouth, Chester, Uganda na Kenya. Mtoto wako ataachwa kwenye kikosi cha shule, atakaa benchi kwenye ndondo, atatolewa kipindi cha kwanza mbele ya rafiki zake. Siku hiyo asikute nyumbani baba anamcheka au mama anakwenda kumtukana mwalimu. Mpe maji ya kuoga, mpe ugali, msikilize. Kesho yake mwulize kocha alimwambia nini, na anafikiri atarekebisha wapi. Mtoto aliyezoea kuanguka na kuinuka akiwa na miaka 12 hatatafuta chupa akifukuzwa kazi akiwa na miaka 46.

La mwisho ni la baba zaidi. Wababa wengi hatuendi uwanjani kuwatazama watoto wetu, lakini kibanda umiza tunakwenda kuwatazama watoto wa wenzetu wa England. Nenda siku moja uwanja wa shule, simama pembeni, usifoke wala usielekeze. Utajua mengi kuhusu mwanao ndani ya dakika 60 kuliko utakayojua kwa kumwuliza. Utaona kama ni mchoyo wa pasi, kama anaheshimu mwamuzi, kama anamwinua aliyemchezea rafu. Hayo ndiyo atakayoingia nayo kwenye kazi yoyote, iwe ni ya mpira, ya pamba au ya ofisini.

Wengi wa watoto wanaocheza leo kati ya Nassa na Lamadi hawatacheza Ligi Kuu. Wachache watacheza, na hata hao wataacha wakiwa bado vijana wenye watoto wadogo wa kulea. Kuna maisha marefu baada ya filimbi ya mwisho, na maandalizi yake hayafanywi na klabu. Yanafanywa sasa, na mzazi, kwa daftari lililokaguliwa jioni na kwa ruhusa ya kwenda kucheza baada ya kazi za nyumbani kuisha.